Oti za chenga asubuhi: zipikeni kama ngano ya bokoboko, si kama uji wa mgonjwa

BintiLangoni

Assalam aleykum jamani. Nimekaa na hili jambo moyoni karibu mwaka mzima, leo naliandika maana kila nikimtajia mtu oti, ile nafaka ya oats, jibu ni lile lile, ah zile za kopo, za mgonjwa, zinanata kama gundi. Hapana. Kuna oti nyengine kabisa na mimi kwetu Lamu nazila siku nne kwa wiki na sijazichoka.

Kwenye pakiti zimeandikwa steel cut oats, pengine utaona Irish oats, ni kitu kimoja. Mimi naziita oti za chenga kwa sababu ndivyo zilivyo, unajua chenga za mchele, basi ni hivo hivo: punje nzima ya oti imetolewa ganda la juu ikapitishwa kwenye visu vya chuma ikakatwa vipande viwili au vitatu, basi, hapo imekwisha. Zile za kopo tulizozizowea punje inapigwa mvuke kisha inapitishwa kwenye rola inakuwa bapa kama karatasi, na zile za dakika moja zimebanwa nyembamba zaidi na zimeshaivishwa kiwandani, ndio maana ukitia maji moto tu zinayeyuka unabaki na uji hauna meno.

Mara ya kwanza kakangu aliniletea kilo moja kutoka Mombasa, nikazipika kama za kopo, dakika tano nikaepua, nikampelekea bibi. Bibi katia kijiko kimoja mdomoni akatafuna akaniangalia, akasema "uyi hunu una mtele hauyaiva", yaani uji huu una mchele haujaiva. Bakuli lote likaenda kwa kuku. Lakini bibi hakuishia hapo, alikwenda jikoni mwenyewe akashika zile punje kavu mkononi akazisugua baina ya vidole, akazinusa, akasema "hini ni ngano mwanangu, iroweke". Usiku ule tukaroweka, asubuhi tukaweka kwenye makaa moto mdogo kama anavyopika bokoboko, ile ngano ya nyama, na wallahi toka siku ile mimi na mahamri tumepunguziana.

Sasa ninavyopika. Usiku kabla ya kulala naosha kikombe kimoja cha oti, natia maji vikombe vitatu, nafunika. Alfajiri baada ya kusali nawasha jiko, nachuja maji siyatupi, nayaweka pembeni. Kwenye sufuria natia kijiko cha samli, samli ikishapata moto namimina oti nazigeuza na mwiko mpaka ule unyevu uishe na nyumba ianze kunukia kama njugu zinakaangwa, hapo rangi inakuwa kahawia kidogo tu. Kisha yale maji yanarudi yote pamoja na kikombe kimoja chengine, iliki mbili za kuponda, kijiti cha mdalasini, chumvi chembe (kisima chetu maji yake yana chumvi chumvi kwa hivo mimi sitii, nyinyi tieni). Ikichemka napunguza makaa, nafunika nusu, dakika kumi na tano nakwenda nageuza nageuza. Tui zito linaingia mwisho kabisa kama kwenye wali, dakika tano, naepua. Inakaa kidogo ndio inashika.

Ukiitia mdomoni kila chenga unaisikia peke yake, nje laini ndani ina ugumu kidogo ule wa kutafuna, na tui limejaa katikati. Juu mimi natia tende mbili nimezikata na korosho za kukaanga. Msimu wa maembe natia embe.

Nataka kujua nani mwengine anazila huku kwetu na anazipikaje.

KijanaWaPate

Waaleykum salam dada. Nisamehe lakini asubuhi ya mtu wa Pwani ni mahamri na mbaazi za nazi, ama mkate wa mofa, chai ya maziwa ya tangawizi. Hizi oti ni za wazungu wa mahotelini, sisi tumezipata wapi? Kila siku tunaacha kitu chetu tunachukua cha mwenzetu alafu baadae tunalia utamaduni umekufa.

BintiLangoni

@KijanaWaPate nimekusoma kakangu na uchungu wako naujua, mimi mbaazi sijaziacha na Ijumaa kwetu hazikosekani. Lakini hebu tizama, ngano ya bokoboko inalimwa Lamu? Mchele wa biriani unatoka wapi, si Pakistan na India? Kungumanga, mdalasini, pilipili manga, vyote vilikuja na majahazi. Hawa wazee wetu walikuwa wakipokea kitu wakikitia tui na iliki kikawa chao. Mimi sioni nimetoka nje ya njia, naona nimefuata ile ile ya bibi. Na bibi yangu mwenyewe ndiye aliyenifunza, hakuna mzungu aliyekuja jikoni.

Mpishi_Malindi

Nakuunga mkono mia kwa mia. Mimi napika nyumba ya wageni hapa Malindi mwaka wa sita huu, nimepika hizi oti sufuria za lita kumi. Nikuongezee machache.

Kwanza kipimo. Ukitaka nzito ya kusimama kwenye kijiko ni oti kikombe kimoja kwa maji vikombe vitatu, ukitaka ya kuteremka vizuri ni vinne. Bila kuroweka ni dakika 25 mpaka 30 moto mdogo, ukiroweka zinashuka zinakuwa 12 mpaka 15, na hapo ndio gesi unaokoa. Pili usiwe na haraka ya kugeuza mfululizo, ukigeuza sana unatoa ule ute wote unakuwa uji wa kunata, geuza chini isishike tu basi.

Tatu na hili ni kubwa, sukari na maziwa na tui viingie mwisho. Ukipika na maziwa tangu mwanzo sufuria inaungua chini na chenga zinachelewa kuiva. Mimi nilipoanza kazi nilikuwa nafanya hivo, mpishi mkubwa akanionyesha kosa langu, nikaacha.

Zikibaki tia kwenye bakuli lenye kifuniko weka friji, siku nne hazina neno. Zitakuwa ngumu kama halwa, usiogope, asubuhi kata kipande tia maji kidogo kwenye sufuria moto mdogo zinafunguka tena. Mimi Jumapili napika za siku nne kabisa za nyumbani kwangu, watoto wanakwenda shule wameshiba.

NahodhaMdogo

Dada BintiLangoni hii habari nzuri lakini wewe unazungumzia mtu ambaye asubuhi yuko nyumbani. Sisi saa kumi za usiku tuko kwenye mashua, nani atanikalia jikoni dakika 25? Mtungi wa gesi nao bei unaiona. Mimi nabeba mkate na chai kwenye thamosi nikifika saa mbili njaa inaniuma tayari.

BintiLangoni

@NahodhaMdogo hiyo thamosi yako ndio jibu. Tafuta ile ya mdomo mpana, za kubebea chakula. Isuuze kwanza na maji yanayochemka ipate joto, mwaga, tia oti robo tatu kikombe na maji yanayochemka kabisa vikombe viwili na robo, chumvi, iliki, funga kwa nguvu, lala. Ukiamka zimeivia mle mle ndani, gesi uliyotumia ni ya kuchemsha maji tu. Mjomba wangu anakwenda nazo baharini, anachukua na tende kwenye mfuko na kichupa cha asali. Nilimuuliza juzi akaniambia inamfikisha mpaka saa sita mchana bila kutafuta kitu.

Na kama thamosi huna, chemsha dakika tano kwenye sufuria yenye kifuniko kizito, epua, zungushia kanga mbili na blanketi, weka kwenye kikapu usifunue mpaka asubuhi. Bibi alikuwa akifanya hivi na maharage.

NahodhaMdogo

Shukran sana. Hiyo ya blanketi naijua kwa mama, sikufikiria kwa oti. Najaribu wiki hii, bahari ikiwa shwari.

MamaShela

Samahani naomba kuuliza, jee hizi ndizo shayiri? Maana kopo la dukani kwetu nimeona limeandikwa shayiri, na talbina nayo ni shayiri, sasa nimechanganyikiwa. La pili, babangu ana kisukari, umri wake 68, daktari alimwambia apunguze mkate mweupe na mahamri, asubuhi amebaki hajui ale nini, anakunywa chai kavu tu mpaka adhuhuri na mimi inanisononesha. Zinamfaa?

BintiLangoni

@MamaShela la kwanza nakujibu mimi, la pili nawaachia wanaojua. Shayiri si oti, mamangu. Shayiri ndiyo ya talbina, unga wake unapikwa na maziwa unatiwa asali. Oti ni nafaka yake mbali, punje yake nyembamba ndefu. Watu wengi wanaziita zote shayiri kwa sababu hatukuwa na jina lake, hata wanaotafsiri maandishi ya makopo wanafanya hivo. Ukitaka talbina nunua shayiri, usinunue hizi.

Muuguzi_Mpeketoni

Mama, pole kwa mzee. Nitasema ninayoyajua na mengine muulizeni daktari wake kliniki, kwa sababu mimi sijui dawa anazotumia.

Oti bado ni wanga, usimpe ukidhani ni kama mchicha. Gramu 40 za oti kavu, hiyo ni kama robo kikombe ya hizi za chenga, ina wanga gramu 27 hivi, nyuzinyuzi kama 4, protini 5. Tofauti ni kwamba hizi za chenga tumbo linachukua muda kuzivunja kwa sababu kipande ni kikubwa, kwa hivo sukari inapanda polepole kuliko zile za dakika moja ambazo zimeshasagika na kuivishwa. Nafaka ni ile ile, kilichobadilika ni vile ilivyovunjwa kiwandani. Hili watu wengi hawalijui, wanaambiwa kula oti wanakwenda kununua zile za pakiti ndogo zenye sukari na ladha ya stroberi, alafu wanashangaa kipimo kimepanda.

Ndani ya oti pia kuna aina ya nyuzinyuzi inaitwa beta-glukani, ule ute unaouona kwenye sufuria ndio huo. Gramu 3 kwa siku zinasaidia kushusha ile lehemu mbaya ya damu, Marekani serikali yao iliruhusu kampuni ziandike jambo hilo kwenye makopo tangu 1997. Gramu 3 unazipata kwenye oti kavu gramu 60 hivi.

Kwa mzee: robo kikombe kavu, apikiwe na maji, tui kidogo, asali hapana, tende hapana au nusu moja tu, mdalasini sawa. Ale na yai la kuchemsha au mbaazi kidogo. Na kama mna ile mashine ya kupimia, mpimeni kabla hajala na masaa mawili baada ya kula, siku tatu nne, muandike kwenye daftari mumpelekee daktari. Hayo maandishi yatasema kuliko sisi wote hapa. Dawa zake asiache hata siku moja.

MamaShela

Allah akulipe kheri dada. Nimeandika yote. Ijumaa ana kliniki, nitakwenda nae na daftari.

Mtu_wa_Watamu

Uzi mzuri huu. Mimi nilikaa Uskochi miaka minne kwa kazi ya meli na huko oti ni kama ugali kwa mtu wa bara, hawachezi nazo. Kuna kijiji kinaitwa Carrbridge kila mwaka tangu 1994 wanafanya mashindano ya dunia ya kupika uji wa oti, watu wanatoka nchi za mbali kwenda kushindana, na shindano kubwa unaruhusiwa vitu vitatu tu: oti, maji, chumvi. Hakuna maziwa hakuna sukari. Anayeshinda anapewa mwiko wa dhahabu, na huo mwiko wao si bapa kama wetu, ni kijiti cha mviringo kama mpini, wanasema ubapa unavuta uji unautia madonge na kijiti kinapita katikati bila kuvunja.

Niliporudi nilichonga kimoja kwa mti wa mwembe. Wallahi kina tofauti. Chenga hazivunjiki.

Ila yule mzee niliyekuwa nikikaa nyumba moja nae alikuwa akila na chumvi tu, akitia kijiko cha uji kwenye bakuli la maziwa baridi pembeni, mara moja moto mara moja baridi. Nilimpikia ya tui na iliki siku moja. Alinyamaza mpaka amalize bakuli, akaniuliza nazi inauzwa wapi.

BintiLangoni

@Mtu_wa_Watamu mashallah, hicho kijiti nakitaka. Nitamwambia fundi wa Matondoni anichongee, wanaochonga majahazi hawatashindwa na kijiti.

KijanaWaPate

Nimesoma mpaka hapa sina neno baya tena. Swali moja: hazipatani na kitu cha chumvi? Mimi asubuhi sitaki tamu.

Mpishi_Malindi

Zinapatana vizuri sana. Ile shurba ya Ramadhani ya ngano na nyama, badala ya ngano tia hizi. Chemsha nyama ya mifupa na kitunguu, tangawizi, thomu, pilipili manga, bizari nzima, nyama ikilainika tia oti za chenga ulizoziroweka, nusu kikombe kwa lita moja ya supu, dakika ishirini. Mwisho kamulia ndimu. Kwa daku haina mfano, nyepesi kuteremka lakini inakaa na wewe mchana kutwa. Mimi Ramadhani iliyopita daku langu lilikuwa hilo siku ishirini na kitu. Kiu pia niliona imepungua kuliko nilipokuwa nakula wali na mchuzi wenye chumvi nyingi.

Dadake_Faza

Mimi nina malalamiko. Nilinunua duka moja Mombasa kilo mbili, nikaja nazo kwa basi mpaka Mokowe, kisha boti, nikazitia kwenye mtungi wa plastiki jikoni. Mwezi wa pili nafungua zina harufu kama mafuta ya zamani, na ladha chungu, na fukusi juu. Nimetupa. Nyinyi mnazihifadhi vipi na joto hili la kaskazi? Maana bei yake si ya kuchezea, karibu mara tatu ya zile za kopo.

BintiLangoni

Pole dadangu, hilo limenipata na mimi mara moja na liliniuma sana. Chanzo ni mafuta. Oti zina mafuta mengi kuliko ngano au mchele, kama asilimia 7 hivi, na ndani ya punje mna kitu kinachoyavunja yale mafuta punje ikishakatwa. Kiwandani wanazipiga mvuke na joto mapema ili kukiua hicho kitu, kwa hivo zikifika kwetu zimeshatulizwa, lakini joto na unyevunyevu wa Lamu, pakiti imefunguka, mafuta yanachacha tu polepole. Ile ladha chungu ndiyo hiyo, hata ukipika haitoki.

Kwa hivo usinunue nyingi. Kilo moja kwa nyumba ya watu wanne inatosha. Ukifika nazo zitie friza siku tatu nzima ndani ya pakiti yake, fukusi na mayai yake wanakufa, kisha zitoe ziache zirudi joto la kawaida pakiti haijafunguliwa ili isiingie umande, ndio uzihamishie kwenye chupa ya gilasi yenye kifuniko cha kubana. Friji ikiwa ina nafasi ziweke humo. Kama huna friji tafuta pahala penye kivuli mbali na jiko, ndani ya makuta mazito ya nyumba za kizamani pana ubaridi mzuri, mimi naziweka kwenye kidaka ukumbini. Na kabla hujanunua dukani tizama tarehe, tikisa pakiti, ukiona unga mwingi chini wacha.

Jengine nilisahau kulisema juu na ni muhimu: mkiroweka usiku msitie tui wala maziwa humo. Mimi nilijaribu siku moja nikidhani nitaokoa muda, kukicha limechacha lote, povu juu. Maji matupu peke yake. Na usiku wa joto kali rowekeni ndani ya friji, au mrowekee saa sita za usiku mnapolala, si magharibi.

Muuguzi_Mpeketoni

Niongeze kidogo. Mtu ambaye hakuzowea nyuzinyuzi asianze na bakuli kubwa siku ya kwanza, tumbo litamjaa gesi. Nusu bakuli wiki ya kwanza, na maji anywe.

Dadake_Faza

Nimefahamu, nilikosea kununua mbili. Sasa nani anakuja Lamu kutoka Malindi ama Mombasa wiki hii? Nataka kilo moja, pesa nitatuma.

Mpishi_Malindi

Mimi nakuja Jumatano kwa arusi ya binamu. Duka ninalonunulia sasa lina mzigo mpya, nimeangalia jana, tarehe nzuri. Nitachukua kilo tano tugawane hapo hapo, anayetaka aseme hapa kabla ya Jumanne magharibi.

MamaShela

Mimi nusu kilo, ya mzee.

NahodhaMdogo

Kilo moja. Jana nimejaribu ya thamosi na zile kidogo alizonipa jirani, saa tano bado niko sawa. Nilikosea maji tu, nilitia machache zikashikana.

KijanaWaPate

Nusu, na mimi nipeni. Nitapika ile ya nyama.

BintiLangoni

@Mpishi_Malindi mimi kilo moja na nitakurudishia nauli yake. Ukishuka kwenye boti njoo Mkunguni baada ya laasiri, mzani nitaazima dukani kwa ami, na bibi ameshasema lazima upite nyumbani kwanza, anataka kukuuliza hiyo shurba unatia bizari nzima kabla ya nyama ama baada.